Njaa ya Mtunya Iandikwe Kwenye Hesabu ya Vita?

Kati ya mwaka 1917 na 1920, njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya iliua watu wapatao 30,000 katika wilaya ya Dodoma. Wilaya nzima wakati huo inakadiriwa ilikuwa na watu 150,000, yaani katika kila watano alikufa mmoja. Neno lenyewe lina maana ya kugombania, kunyang'anyana. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita papa hapa: Kondoa ilitekwa Aprili 1916, na Dodoma ikaingia mikononi mwa jeshi la Jenerali van Deventer, aliyepigana upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani, mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Ukiuliza vita ile iliua Wagogo wangapi, jibu litategemea unamuuliza nani na yeye anahesabu vipi.

Yupo atakayekwambia kwamba waliokufa vitani ni waliopigwa risasi au waliofia kazini jeshini, basi. Waliobaki waliuawa na ukame na maradhi, na ukame haukutumwa na Mjerumani wala Mwingereza. Hoja hii siidharau. Ugogo ni nchi kavu, tuna msimu mmoja tu wa mvua, na wazee wetu walikuwa wakitaja umri wao kwa majina ya njaa. Mwishoni mwa 1918 ikaja pia homa kali ya mafua iliyoua watu dunia nzima, hata kule ambako haukusikika mlio wa bunduki. Kila kifo cha miaka ile kikitupiwa vita, hesabu itakuwa kapu la kuwekea chochote, na asiyetaka kuiamini atakuwa na sababu nzuri.

Jirani zetu wa Kongo wameshapitia ubishi huu. Shirika la International Rescue Committee lilifanya tafiti za nyumba kwa nyumba na kukadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 watu 5,400,000 walikufa zaidi ya ambao wangekufa bila vita. Sehemu ndogo sana kati yao waliuawa kwa silaha. Wengi walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Wakosoaji wakauliza swali moja: mmejuaje ni wangapi wangekufa bila vita? Shirika lilichukua kiwango cha vifo cha wastani wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, wakati Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo hata kabla ya vita. Ukipandisha kiwango hicho cha kuanzia kidogo tu, mamilioni yanapungua kwenye karatasi. Wataalamu wengine wa idadi ya watu walifikia makadirio ya laki mbili hivi. Kutoka laki mbili hadi milioni tano na laki nne! Ni vita ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni mwanzo wa hesabu.

Kwa hiyo nami nirudi Ugogo na swali hilohilo: toa vita, acha ukame, kingetokea nini?

Mvua zikikataa, Mgogo hakukaa akisubiri kufa. Mtama wa mwaka wa neema ulihifadhiwa ndani ya vilindo, vyombo vikubwa vya kuwekea nafaka. Ulipokwisha, ng'ombe walipelekwa kwa majirani waliovuna na kubadilishwa kwa nafaka. Na vijana wenye miguu walikwenda kuhemea mbali, wakarudi na mizigo kichwani. Kulikuwa na ghala, mifugo na vijana. Ukame uliweza kuvunja ngome moja, mara chache mbili.

Vita ilizivunja zote tatu kabla mvua hazijakatika. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walichukua nafaka, ng'ombe na watu. Waingereza walipoingia nao walichukua nafaka, ng'ombe na watu. Barabara hazikuwepo, na farasi na wanyama wengine wa mizigo walikufa kwa maradhi ya mbung'o, hivyo jeshi lote lililopigana mbali na reli lilitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Mpagazi hubeba kama kilo 25. Kama ni chakula, naye hula humohumo karibu kilo moja kwa siku, kwenda na kurudi. Safari ya siku kumi na mbili tu inatosha kumaliza mzigo njiani. Kila hatua ya kusonga mbele ilidai watu zaidi na nafaka zaidi, na vyote vilitoka vijijini.

Bibi yangu wa Mvumi alisimuliwa na mama yake jinsi askari walivyoingia kwenye tembe lao. Hawakuuliza habari ya mtu. Waligonga vilindo kwa ngumi, kimoja baada ya kingine, kusikiliza kipi kimejaa. Mtama ukamiminwa kwenye magunia, na kaka zake wawili wakatwishwa magunia hayo kuyapeleka stesheni ya Dodoma. Walibeba chakula chao wenyewe kutoka nyumbani kwao. Mmoja alirudi.

Ludwig Deppe, daktari aliyekuwa upande wa Wajerumani, mwenyewe alikiri kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa iliyokuwa inakuja. Kama aliyekuwa ndani ya jeshi lile aliiona njaa ikija, sisi tunasitaje? Kwangu Mtunya ni sehemu ya vita. Si lazima wote 30,000, maana ukame na mafua vina fungu lao, lakini anayeandika sifuri mahali hapo anadanganya kuliko anayeandika wote.

Kipimo hikihiki lazima nikitumie hata pale ambapo jibu halinifurahishi. Hapa Dodoma utasikia sana kwamba Vita ya Kagera ndiyo iliyotucheleweshea makao makuu. Uamuzi wa kuhamia ulipitishwa 1973 na ulipewa miaka kumi. Serikali ilianza kuhamia kweli 2016. Vita ya 1978 na 1979 ilikula fedha nyingi: makadirio yanayotajwa zaidi ni dola za Marekani milioni 500, wanajeshi wetu 373 waliokufa, na raia wapatao 1,500 waliouawa Kagera. Mwalimu Nyerere aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na waliokuwepo wanajua kwamba foleni za sabuni na sukari zilizidi sana miezi hiyo.

Lakini toa vita hapa pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, tukalazimika kuanzisha reli na shirika la ndege letu wenyewe. Bei nzuri ya kahawa ilishapita. Mwaka 1979 mafuta yalipanda bei zaidi ya mara mbili duniani kote. Nchi ingeyumba hata kama Idi Amin angetulia Kampala. Vita iliongeza mzigo juu ya mgongo ambao tayari ulikuwa umepinda, na hiyo miaka arobaini na mitatu haiwezi kuwa yake yote. Najua kuna wazee watakaochukia nikisema hivi.

Wapo pia wanaotaka upande wa pili wa daftari uhesabiwe: kutopigana kungegharimu nini? Kwa Kagera ni swali la haki kabisa. Amin alishatangaza kuinyakua ardhi yetu, na watu walikuwa wakiuawa ndani yake. Ila lijibiwe kwenye ukurasa wake. Ushindi hauwapunguzi wale 373, na mjane wao hawezi kutolewa kwenye jumla kwa sababu vita ilikuwa ya haki.

Kwa wapagazi hakuna hata ukurasa. Takwimu rasmi ya Uingereza ilikiri vifo vya wapagazi wake zaidi ya 95,000 katika kampeni ya Afrika Mashariki. Kila siku tunalitamka jina lao, maana Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na kikosi chao, lakini mmoja mmoja hatuwajui. Makaburi ya askari wa vita ile yapo hapa Dodoma, jiwe kwa jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi.

Radhi imepokelewa, lakini majina hayatatoka London. Yako Mvumi, Bahi, Mpwapwa na Kondoa, kwa watu kama bibi yangu, ambao wamebaki wachache. Jumamosi iliyopita nilimuuliza yule kaka asiyerudi aliitwa nani. Alinitajia, kisha akataja wengine wanne wa kitongoji kilekile, na akaniambia nimfuate jirani yake kwa waliobaki.