Mbwembwe za jukwaani baada ya umri wa miaka 60

Mwaka 2012, katika tamasha la kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Elizabeth, mwanamuziki Grace Jones aliimba huku akizungusha ringi kubwa (hula hoop) kiunoni wimbo mzima. Alikuwa na miaka 64. Wanaodai msanii mzee "avae kulingana na umri" hawana jibu la hapo, na ajabu ni kwamba dai hilo huelekezwa zaidi kwa wanawake. Mwanamume mwenye koti linalometameta huitwa gwiji.

Hata hivyo, wana hoja moja ambayo watetezi wa mbwembwe huikwepa: mwili. Umri ukisonga, mtu huyumba upesi, hutoa jasho kidogo na huchelewa kusikia kiu. Vazi lililojaa vimetameta vya plastiki halipitishi hewa, na taa za jukwaani ni kali. Shanga za kioo nazo huzidi mara mbili uzito wa za plastiki za ukubwa uleule, na mzigo wote huangukia mabegani.

Lakini tiba yake si lazima iwe suti ya kijivu. Fundi mzuri hushonea mkanda mpana kwa ndani ili uzito ukae nyongani. Kioo hukiweka kifuani, panapopigwa na taa. Kwingine plastiki yatosha. Kwapani na mgongoni huacha kitambaa cha wavu. Mchuchumio wa sentimita 10 ukiwa na soli ya mbele ya sentimita 3, kisigino huinuka sentimita 7 tu kuliko vidole. Uwe na kamba ya kifundoni na mpira chini, na uvaliwe tangu mazoezini.

Usoni, poda nyingi hujikusanya kwenye mikunjo. Krimu iliyopakwa kidogo hutulia zaidi. Wigi la gundi hung'oa nywele za pembeni ambazo tayari zimepungua, hivyo afadhali la mkanda wa lastiki.

Mwimbaji na mpiga piano Elton John alivaa sare ya besiboli ya kumetameta katika uwanja wa besiboli wa Dodger Stadium, Los Angeles, mwaka 1975. Katika ziara yake ya mwisho, iliyokamilika 2023 akiwa na miaka 76, alibaki na makoti ya nakshi na miwani: vitu vinavyoonekana mtu akiwa ameketi kwenye piano.

Linalobaki kwa wakosoaji ni kwamba vazi huweza kuficha uvivu. Hilo ni kweli, ila hata kijana wa miaka 25 hufanya hivyo. Msanii apige mazoezi mara moja akiwa na fulana tu, na udhaifu utajitokeza.