Kabla ya kufungia drill Mtwara, tuhesabu kwanza

Msimu wa korosho ukichanganya, hela ikionekana mkononi na boda kufunga spika hadi usiku wa manane huko Chikongola na Magomeni, maneno ni yaleyale: muziki wa kihuni unaharibu vijana, ufungiwe. Lawama ilianzia kwenye vigodoro, ikahamia singeli, sasa imefika kwenye drill, rap ya mtaani yenye besi nzito. Na hoja inayotolewa ni moja: Chicago wanaimba drill, Chicago wanauana, basi drill ndiyo inayoua.

Tuanze na hiyo Chicago. Drill ilichipukia upande wa kusini wa jiji miaka ya 2010 na 2011, na dunia ikaijua 2012 kupitia rapa Chief Keef. Mwaka huo waliuawa watu kama 500. Mwaka 1992, wakati hakuna hata aliyewahi kulisikia neno drill, waliuawa zaidi ya 900. Los Angeles nako, genge la Crips lilianza kati ya 1969 na 1971, wakati hip hop yenyewe ilizaliwa Bronx, New York, Agosti 1973 kwenye sherehe ya DJ Kool Herc. N.W.A, kundi la rap la Compton jirani na Los Angeles, walitoa albamu yao ya kwanza iliyotikisa mwaka 1988, kraki, dawa ya kulevya, ikiwa imeshatapakaa mitaani. Genge ndilo lililotangulia, wimbo ukafuata nyuma ukisimulia.

New York inamaliza ubishi zaidi. Mwaka 1990 waliuawa watu zaidi ya 2,200. Mwaka 2017 hawakufika 300. Katikati hapo rap haikupungua hata kidogo. Mwaka huohuo wa 2017 hip hop na R&B ndio muziki uliosikilizwa kuliko mwingine wote Marekani.

Anayetaka kulinganisha miji asiishie kwenye idadi ya maiti. Chukua waliouawa kwa mwaka, gawa kwa idadi ya wakazi, zidisha kwa 100,000. Chicago mwaka 2016 ilipoteza watu zaidi ya 750 kati ya wakazi milioni 2.7, ambayo ni kama 28 kwa kila laki moja. Baltimore ina wakazi kama laki sita, na kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2022 waliuawa zaidi ya 300. Hiyo ni zaidi ya 50 kwa laki, karibu mara mbili ya Chicago. Muziki wa mtaani wa Baltimore ni upi? Ni Baltimore club, biti ya spidi ya mapigo 130 hivi kwa dakika, maneno machache yanarudiwarudiwa, ni wa kuchezea tu. New Orleans mwaka 1994 ilipita 400 ikiwa na watu wasiofika laki tano, na wao wana bounce, muziki wa kukata viuno. Kwa hesabu ya wanaotaka kufungia, tungeanza kufungia viuno.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi wa miji midogo. Manispaa ya Mtwara Mikindani haifiki watu laki mbili. Tuseme kwa mfano mji una watu 150,000: mwaka huu wakiuawa wawili, kiwango ni 1.3. Mwakani wakiuawa wanne ni 2.7, na kichwa cha habari kitasema mauaji yameongezeka maradufu. Pengine ni ugomvi wa shamba tu wa siku moja. Ndiyo maana kwa mji kama huu unajumlisha miaka mitano au zaidi ndipo usogeze mdomo.

Sasa biti yenyewe. Drill inayopigwa leo ina spidi ya 140 hivi, lakini snea, ile ngoma kali inayopasua, zimeachana, kwa hiyo sikio linaisikia kama 70. Matoazi madogo hayaendi sawasawa, yanapigwa kwa mafungu ya tatu, tatu, mbili. Chini kuna besi ya 808 (sauti nzito ya mashine ya ngoma) inayoteleza kutoka noti moja hadi nyingine, na huo mtelezo ndio unaoleta ule ubaridi watu wanaouita wa kutisha. Mtelezo haukutoka Chicago. Waliouweka ni maprodyuza wa London, kisha Brooklyn ya New York ikazichukua biti hizohizo za London: biti zilizomtoa rapa wa huko, Pop Smoke, mwaka 2019 zilitengenezwa na 808Melo, kijana wa London. Mwaka 2020 Kumasi, Ghana, nao wakaichukua, wakaiimba kwa Kitwi, wakaiita asakaa.

Biti ni moja, na vifo havifanani hata kwa mbali. London yenye watu karibu milioni tisa haifikishi wanaouawa 200 kwa mwaka, yaani chini ya wawili na nusu kwa laki. Sababu kubwa haiko studio. Uingereza ilipiga marufuku bastola za raia mwaka 1997, kwa hiyo kijana wa London mwenye hasira anashika kisu. Kisu kinakutaka umfikie mtu, na hakiui wanne barazani kwa sekunde mbili kutoka ndani ya gari linalopita. Hata vijana wa kundi la Panya Road walipotia hofu Dar es Salaam mwanzoni mwa 2015, na tena 2022, silaha ilikuwa panga.

Tofauti za muziki kati ya mkoa na mkoa zinatoka kwingine kabisa. Los Angeles ni jiji la magari, ndiyo maana besi yao imetengenezwa kwa ajili ya spika za buti. Houston, DJ Screw alizipunguza nyimbo mwendo hadi zikawa kama zinalala. Kwetu, Temeke ya Juma Nature ilikuja na uchezaji, Arusha ikakomaa na hip hop ngumu, Wagosi wa Kaya wakaleta lafudhi ya Tanga na utani wake. Hakuna anayeweza kukaa na ramani hiyo akakuonyesha mkoa wenye wizi mwingi kwa kusikiliza snea.

Hata hivyo sitamsafisha msanii asiyestahili. Wimbo unaomtaja kwa jina marehemu wa upande wa pili, na kumcheka, unachokoza watu wenye silaha. Lil JoJo wa Chicago alikuwa na miaka 18, alipigwa risasi Septemba 2012 katikati ya bifu la namna hiyo, muda mfupi baada ya kuandika mtandaoni mahali alipo. Pop Smoke aliuawa Februari 2020 kwenye nyumba ya kupanga Los Angeles. Anwani ilikuwa imeonekana kwenye picha aliyoirusha, na waliomvamia walikuwa wezi wa vito, hawakuwa na bifu naye. Kwa wote wawili, kilichowafungulia mlango wauaji ni mahali kujulikana.

Kwa hiyo studio ya hapa Mtwara ina kazi yake, ndogo lakini ya maana. Video ya Shangani ufukweni irushwe mkiwa mmeshaondoka. Namba za pikipiki na bango la duka vifichwe. Mistari inayotaja mtu halisi aliyeumizwa itolewe kabla ya kurekodi, maana ikishapakuliwa haifutiki. Na biti ya bure kutoka mtandaoni isije na maadui wa bure: kijana wa Chuno anayeimba bastola ya Glock na maadui wa mtaa wa pili asiowajua, anaimba Englewood ya Chicago, hatuimbii sisi.

Ghasia kubwa zilizoikumba Mtwara ni za 2013, Januari na Mei, na ziliwashwa na bomba la gesi kupelekwa Dar es Salaam, wala hakuna biti iliyotajwa. Jina lenyewe la machinga limetoka huku Kusini, kwa vijana waliokwenda kuuza barabarani. Kangomba ipo: mtu ananunua korosho za mkulima kwa bei ya njaa kabla ya mnada, usiku, gunia mabegani, wote wawili wakikwepa macho ya watu. Mistari kumi na sita ya hiyo sijaisikia ikichanwa juu ya biti ya 140.