Kuchanganya makaa ya mawe na kuni kwenye bani la tumbaku: moto unakubali, ila kuna mengine

Huku Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, msimu wa kukausha tumbaku ukifika hoja haikosekani, miti inaisha jamani, kwanini tusichanganye makaa ya mawe na kuni kwenye mabani, yaani yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, na wengine wanajibu makaa yenyewe yako mbali, Kiwira na Mbinga huko kusini, nani atayaleta mpaka huku. Ndo ubishi unaishia hapo kwenye nauli. Mi naona tuanze na moto wenyewe, nauli tutaikuta mbele.

Kuni kavu karibu 80% ya uzito wake inatoka kama gesi, ikishapata joto la nyuzi 200 na kitu inaanza kutoa hizo gesi, na mwali mkubwa unaouona ni gesi inaungua, kinachobaki ni kimkaa kidogo tu. Makaa ya mawe ni kinyume, gesi ni kidogo zaidi, kaboni ndo nyingi, yanachelewa kushika lakini yakishashika yanakaa. Kwaiyo ukivichanganya, kuni inawasha na kuyapasha makaa, afu makaa yanashikilia joto kuni ikishakwisha. Hapa wanaotetea wako sahihi kabisa, hata mitambo ya umeme Ulaya ilishafanya hivyo miaka mingi, na Drax, mtambo mkubwa wa umeme kule Uingereza, ilianza kwa kuchanganya kidogo kidogo mpaka ikahamia kwenye kuni zilizosagwa na kushindiliwa.

Faida nyingine haisemwi sana. Makaa ya mawe yana salfa, ile inayotoa moshi mkali ikiungua, kuni karibu haina, kwaiyo mchanganyiko unatoa salfa kidogo kuliko makaa peke yake, na chokaa iliyomo kwenye majivu ya kuni inanasa sehemu ya hiyo salfa. Ila majivu hayohayo yana potasiamu, na potasiamu inafanya majivu ya makaa yayeyuke mapema, yakipoa yanakuwa mabonge magumu kama mawe yanaziba njia ya hewa, na anayechochea usiku wa manane anashangaa moto unakufa wakati tanuru limejaa.

Afu hewa. Kuni inaungua vizuri hata ikilala kwenye majivu, inataka hewa ipite juu ikutane na zile gesi. Makaa yanataka hewa itoke chini ipenye katikati yake. Sasa matanuru mengi ya mabani yetu ni tofali na udongo, unasukuma gogo ndani basi, hakuna nondo za chini za kubeba moto ili hewa ipite. Ukimwaga makaa humo yataungua juu juu, ndani yabaki meusi, na utatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu, na watu wanajua jinsi vijana wa zamu wanavyolala pembeni ya mdomo wa tanuru mvua ikinyesha. Hili kwangu ni zito kuliko bei.

Na tumbaku yetu ni ya mvuke, sio ya moshi, joto linapita kwenye mabomba na moshi haugusi jani. Siku za mwanzo unataka nyuzi kama 35 mpaka 40 ili jani liwe njano, taratibu, unachomoa gogo moto unapungua. Makaa yakishakolea huwezi kuyachomoa, utalipika jani likiwa bado kijani na mnunuzi atakupa gredi ya chini. Mwishoni, unapokausha uti wa jani kwenye nyuzi 70 hivi, unataka joto moja lisiloyumba usiku kucha, na hapo makaa ni mazuri kuliko kuni. Kwaiyo kama mtu anataka kuchanganya basi asichanganye tangu siku ya kwanza, aanze na kuni tupu, makaa aingize mwishoni. Bomba likiwa na tundu lakini asithubutu, ule moshi wa salfa ukiingia kwenye jani mzigo umeharibika.

Haya nauli sasa. Kilo ya makaa mazuri inatoa joto kama kilo moja na nusu ya kuni kavu. Kavu lakini! Kuni mbichi nusu yake ni maji, unatumia moto kuchemsha maji kwanza, kilo moja ya makaa inakuwa sawa na kilo tatu za hizo. Na sisi tunakausha kuanzia Januari, katikati ya mvua, kuni zimerundikwa nje bila hata turubai. Mtu anayelipia lori lipande kutoka Kiwira lipitie Chunya na Sikonge, wakati kuni zake zimelowa, anatupa hela, angekata kiangazi na kuezeka banda la kuni angepunguza magogo anayochoma bila kununua makaa.

Wanaosema hiyo haitoshi, kwamba miyombo, ile misitu yetu ya asili, haingoji na wafuga nyuki wanaona ikiisha, nakubaliana nao, miti ya kupanda inachukua miaka. Ndo maana sikatai makaa moja kwa moja. Ila yaje kwenye bani lenye nondo, mabomba mazima na dohani inayovuta, na chama cha msingi kiyanunue kwa pamoja, sio kila mkulima na kiroba chake. Jikoni hapana, shirika la afya duniani tangu 2014 linashauri makaa ghafi yasitumike majumbani kabisa, na kuyachanganya na kuni hakubadilishi hilo.