Piki namba 4 ya Patriots: Campbell ndo alikuwa jibu, hata na ile mikono yake

Kwa wasiofatilia futiboli ya Kimarekani nianze na hili, maana bila hili mengine hayaeleweki. Huku kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja. Kule NFL, yaani ligi yao kuu, timu ikishika mkia inapewa haki ya kuchagua mwanzo vijana wanaotoka vyuoni, ndo hiyo inaitwa drafti, na kila zamu ya kuchagua wanaiita piki. Kwa hiyo timu mbovu ndo yenye piki ya mapema, na kuanzia Januari mpaka Aprili kila mtu anakuwa mtabiri. Mwaka 2025 mi kichwa kiliniuma na New England Patriots, walikuwa na piki ya 4, wakamchukua Will Campbell wa chuo cha LSU, mlinzi wa kushoto kwenye safu ya mbele, na ubishi juu ya yule kijana mpaka leo haujapoa.

Hiyo piki ya 4 yenyewe ilikuja kwa uchungu. Tarehe 5 Januari 2025, mechi ya mwisho ya msimu, Patriots wanaingia uwanjani wakiwa wameshinda 3 na kufungwa 13, wakifungwa tu piki namba 1 ni yao. Wanacheza na Buffalo Bills ambao nafasi yao ya mtoano ilishakuwa salama, Josh Allen akacheza mpira mmoja tu alafu akakaa benchi. Kijana Joe Milton, kotabeki wa akiba (kotabeki ndo mrushaji anayeongoza mashambulizi), akatandika mechi ya maisha yake, Patriots wakashinda 23 kwa 16. Wakatoka namba 1 wakaangukia namba 4! Titans, Browns na Giants wote wakapita mbele. Na kocha Jerod Mayo akafukuzwa siku hiyo hiyo akiwa na msimu mmoja tu kazini. Nikikumbuka ile siku bado naumia, sio kwa sababu walishinda, mchezaji hawezi kuambiwa afungwe makusudi, ila kwa sababu piki ya 1 ungeweza kuiuza kwa timu inayotafuta kotabeki ukarudishiwa mzigo wa piki nyingine, na Patriots hawakuwa na shida ya kotabeki, Drake Maye walishamchukua mwaka 2024 kwa piki ya 3.

Sasa hapo ndo mjadala ulipoanzia, na pande zote mbili zina hoja, sio kwamba upande mmoja ni wapiga kelele.

Upande wa kwanza unasema timu mbovu ichukue mchezaji bora aliyebaki, basi. Timu iliyoshinda mechi 4 kati ya 17 ina mapengo kila kona, kwa hiyo kusema "sisi tunahitaji namba fulani" ni kujidanganya, unahitaji kila kitu. Ukichagua kwa kuangalia pengo unaishia kumpandisha bei mtu ambaye kipaji chake sio cha piki ya 4. Na mwaka ule majina yenye kipaji kisichobishaniwa yalikuwa mawili, Travis Hunter wa Colorado, mshindi wa Heisman, ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, aliyekuwa anacheza kushambulia na kuzuia mechi nzima, na Abdul Carter wa Penn State anayewakimbilia makotabeki kama amewashwa moto. Matumaini ya watu wengi yalikuwa kwamba mmoja wao atateleza mpaka namba 4, maana Browns na Giants wote hawakuwa na kotabeki wa kueleweka, mmoja akimchukua kotabeki Shedeur Sanders mapema basi Patriots wanaokota dhahabu. Watu walijenga utabiri mzima juu ya hiyo kitu. Matokeo yake Sanders alisubiri mpaka raundi ya 5, piki ya 144. Jaguars wakapanda kutoka 5 mpaka 2, wakawalipa Browns na piki ya raundi ya kwanza ya mwaka 2026 juu yake, wakamchukua Hunter, Giants wakamchukua Carter, ilipofika zamu ya Patriots dhahabu imekwisha.

Ndo maana nasema ukitaka kutabiri timu mbovu usianze na nani bora, anza na dirisha la usajili la Machi, angalia ni pengo gani halikuzibwa. Patriots walikuwa na hela kuliko karibu kila mtu mwezi ule. Wakampa Milton Williams mkataba wa dola milioni 104 kwa miaka minne akae katikati ya safu ya ulinzi, wakamleta Carlton Davis, Harold Landry, Robert Spillane, Stefon Diggs wa kupokea mipira. Kulia kwa safu ya mbele wakamweka mkongwe Morgan Moses. Kushoto? Hakuna. Ronnie Stanley akabaki Ravens, Dan Moore akaenda Titans kwa dola milioni 82, soko likakauka. Na hilo pengo halikuwa jipya, mwaka 2024 walimleta Chukwuma Okorafor kwa nafasi hiyo hiyo, akatolewa kwenye mechi ya kwanza kabisa na hakucheza tena, msimu mzima ikawa kiraka juu ya kiraka. Timu yenye kotabeki wa miaka 22 ikiacha mlango wa kushoto wazi mpaka Aprili, imeshakwambia inamtaka nani, wewe tu ndo hujasikiliza.

Alafu nieleze kwa nini mlango wa kushoto ni habari kubwa hivo. Maye anatumia mkono wa kulia, akirudi nyuma kurusha mwili unageuka, mgongo unabaki kushoto, haoni anayekuja upande ule. Kuna mtu wa kilo 120 anakuja kwa kasi na ana sekunde mbili na kitu kumfikia. Kati ya huyo jamaa na mbavu za Maye yupo mtu mmoja, na silaha yake ya kwanza sio miguu wala kifua, ni mikono, anayemgusa mwenzie kwanza ndo anaamua pambano linaelekea wapi.

Na hapo ndo tatizo la Campbell. Pale Indianapolis kwenye kambi ya vipimo wanakusimamisha, unanyoosha mkono, futi inaanzia kwenye mfupa wa bega inaishia ncha ya kidole cha kati. Mkono wa Campbell ukasoma inchi 32 na 5/8. Maskauti, yaani wasaka vipaji, wengi wanataka 33 kushuka chini hapana, na wakipata 34 wanafurahi. Baadae kwenye vipimo vya chuoni kwao ukasoma 33, watu wakasema futi ya nyumbani ina huruma. Tunaongelea tofauti ya chini ya sentimita moja jamani! Lakini kwa hiyo sentimita wapo waliosema huyu ahamie ndani acheze gadi, mlinzi wa karibu na katikati ya safu, na piki ya 4 haitumiki kwa gadi.

Mi hiyo hoja ya mikono siidharau, ina mantiki, mwenye mkono mrefu anakusukuma kabla hujamfikia. Ila haijawahi kuwa sheria. Joe Thomas wa Browns alikuwa piki ya 3 mwaka 2007, mikono yake haikuwa mirefu, akacheza mipira 10,363 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Evan Neal alichukuliwa na Giants piki ya 7 mwaka 2022, jitu zima, mikono mirefu, kila kipimo kimekaa sawa, na kazi ikamshinda. Campbell alianza LSU tangu mwaka wake wa kwanza, miaka mitatu upande ule ule wa kushoto, akizuia watu ambao wengi wao sa hivi wako NFL. Kwangu hiyo ni futi kubwa kuliko ile ya Indianapolis.

Mfano ambao kila upande unaukimbilia ni Cincinnati Bengals wa 2021. Kotabeki wao Joe Burrow alikuwa ametoka kuchanika goti, wana piki ya 5, mezani kuna Penei Sewell, mlinzi, na Ja'Marr Chase, mpokeaji aliyecheza na Burrow chuoni. Wakamchukua Chase. Msimu ule ule wakafika Super Bowl, fainali ya ligi. Upande wa kipaji ukasema mnaona? Haya, lakini soma na ukurasa wa pili. Burrow aliangushwa mara 51 msimu ule kabla ya mtoano, kwenye mtoano dhidi ya Titans akaangushwa mara 9, kwenye Super Bowl mara 7, wakafungwa 23 kwa 20. Na Sewell alienda Lions akawa mmoja wa walinzi bora kabisa wa ligi. Sasa jiulize kocha wa Titans siku ile Burrow anaangushwa mara 9 alikuwa nani. Mike Vrabel. Yule yule ambaye Patriots walimpa timu Januari 2025. Titans walipoteza ile mechi, kweli, ila huyo mtu alisimama pembeni ya uwanja akaona kwa macho yake kotabeki asiye na ukuta anafanywa nini. Kama kuna kitu kimoja kilinifanya niwe na uhakika wa Campbell ni hicho, na nilishangaa watabiri wengi hawakigusi.

Tarehe 24 Aprili, kwetu ilishakuwa usiku wa manane, jina likasomwa kule Green Bay. Campbell akatokwa na machozi, akasema atapigana mpaka kufa kumlinda Maye.

Je walikuwa sahihi? Msimu wa 2025 Patriots walishinda mechi 14 wakafungwa 3, kutoka 4 na 13, Maye akashika nafasi ya pili kwenye kura za MVP, mchezaji bora wa msimu. Campbell aliumia goti katikati ya safari akakosa mechi kadhaa, akarudi. Alafu ikaja Super Bowl, Seahawks 29, Patriots 13, Maye akaangushwa mara sita na upande wa Campbell ndo ulivuja vibaya. Zile hoja za mikono zikafufuka usiku ule ule, na sitaki kuzificha, niliangalia nikaona mwenyewe, anachelewa, anashikwa kifuani kabla hajamgusa mtu. Inauma kuona.

Lakini ukisema walikosea inabidi unipe jina. Hunter na Carter walishaondoka. Mason Graham aliyekwenda Browns piki ya 5 anacheza nafasi ambayo Patriots walikuwa wametoka kuilipia milioni 104. Ashton Jeanty ni mkimbiaji mzuri sana, sawa, nani angemzuilia? Jina moja tu ndo nalipa heshima, Armand Membou, Jets walimchukua piki ya 7, mikono mirefu kuliko ya Campbell, miguu myepesi. Ila Membou chuoni alicheza kulia, Jets wenyewe wakamweka kulia, na kulia Patriots walikuwa na Moses. Ungemhamisha kushoto mwaka wake wa kwanza mbele ya Maye ukiomba Mungu ajifunze haraka. Anayesema yeye angefanya hivo namwelewa, hata sibishani nae kwa hasira. Mi nisingefanya.