Kliniki ya Wanyama Lamu: Sabuni Kwanza, Jik Baadaye

Mtu akiingia kliniki ya wanyama akapokewa na harufu kali ya Jik, ile dawa ya klorini ya kuua viini, moyo wake hutulia: hapa ni pasafi. Kwa maoni yangu harufu hiyo haithibitishi lolote. Jik ikimwagwa juu ya kinyesi, damu au usaha, nguvu yake yote huishia kwenye uchafu huo, na viini vilivyofichwa chini hubaki hai. Maambukizi ndani ya kliniki huzuiwa na utaratibu wa kazi: mnyama yupi anashikwa kwanza, kitu gani kinaoshwa kabla ya kingine, dawa inaachwa kwa muda gani. Dawa ni hatua ya mwisho ya utaratibu huo, na zile za mwanzo zikirukwa, pesa ya dawa imepotea.

Kwetu Lamu jambo hili si la madaktari peke yao. Vichochoro vya mji havipitiki kwa gari, hivyo mawe, mchanga, saruji na mizigo ya kila namna hubebwa na punda. Kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iko hapa tangu 1987, na wenye punda wamezoea kupeleka wanyama wao kutibiwa. Huo ni mwendo mzuri. Lakini popote punda wa vijiji vya Shela, Matondoni na Kipungani wanapokusanyika na wa mjini, wanabadilishana pia vilivyomo puani mwao.

Nianze na Jik yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayokosewa zaidi. Kwanza ondoa uchafu mkavu kwa kitambaa au karatasi, kisha sugua kwa maji na sabuni, suuza, acha maji yachuruzike. Hapo ndipo Jik ipakwe. Chupa nyingi za madukani zina nguvu ya karibu asilimia 3.5 hadi 4, basi mililita 50 kwenye mililita 950 za maji zinatosha. Kwa ndoo ya lita 10, nusu lita ya Jik na maji lita 9 na nusu. Sehemu ibaki imelowa dakika 10 kamili. Kwenye joto letu meza hukauka baada ya dakika tatu au nne, na ikikauka kazi imekwisha kabla ya wakati, kwa hiyo rudia kulowesha. Mchanganyiko wa leo umwagwe jioni. Chupa iliyokaa dirishani juani imekwisha nguvu hata kama harufu ingalipo.

Mkojo usuuzwe vizuri kabla ya Jik kuguswa, maana amonia iliyomo mkojoni ikikutana na klorini hutoa hewa inayochoma mapafu. Dawa ya choo yenye asidi isikaribie ndoo hiyo kabisa.

Halafu maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima vya Shela chini ya vilima vya mchanga, na mahali pengine visiwani kisima huwa na chumvi ya wazi. Klorheksidini, ile dawa ya kuoshea vidonda na ngozi kabla ya upasuaji, haipatani na chumvi: ikichanganywa na maji hayo inaweza kuganda, na mchanganyiko uliofanya ukungu au mashapo usitumiwe. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Tumia maji yasiyo na chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuchanganyia dawa, au maji ya mvua ya jabia yaliyochujwa na kuchemshwa. Klorheksidini haipatani na sabuni ya kawaida pia, kwa hiyo ngozi iliyooshwa kwa sabuni isuuzwe kabla ya kupakwa. Ukiichanganya na Jik hutoka kitu cha rangi ya kahawia kisichoua chochote.

Na ile kopo ya pamba iliyolowekwa dawa, inayokaa juu ya meza ya matibabu na kuongezwa maji kila inapokaribia kukauka! Ningeiondoa leo. Kila mkono unaochovya huacha kitu ndani. Pamba yenyewe hufyonza dawa na kuipunguza nguvu, na wako bakteria, Pseudomonas kwa mfano, wanaoweza kuishi na kuzaana kwenye dawa iliyopunguzwa. Mfanyakazi anadhani anasafisha kidonda cha tandiko, kumbe anakitia viini. Loweka pamba ya siku moja tu, itoe kwa koleo, na jioni mwaga yote, osha kopo, ianike. Isiongezwe juu ya mabaki ya jana.

Kuta zetu nazo zina lao. Nyumba ya mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa ni nzuri kwa macho na hupoza joto, ila ina vitundu visivyohesabika, na dawa haivifikii. Meza ya mbao iliyopasuka ni vilevile. Sioni haja ya kubomoa chochote. Chumba kimoja tu, kile cha wagonjwa wa kuambukiza, kisakafiwe saruji laini yenye mteremko kuelekea mfereji na kupakwa rangi ya mafuta hadi juu ya kichwa cha punda. Meza yake iwe ya chuma kisichopata kutu. Sakafu ya mchanga haitakasiki kwa dawa yoyote. Mchanga uliomwagikiwa usaha hukwanguliwa, hutolewa na kuzikwa.

Sasa punda. Ugonjwa unaoonyesha vizuri udhaifu wa kliniki ni ule wa majipu ya koo, unaoletwa na bakteria Streptococcus equi. Punda hupata homa, hukosa hamu ya kula, hutoa kamasi la usaha, na tezi za chini ya taya huvimba hadi zipasuke. Tangu kuambukizwa hadi dalili ni siku 3 hadi 14. Jambo la kushika hapa ni kwamba homa hutangulia: kwa kawaida mnyama huanza kutoa bakteria puani siku moja hadi tatu baada ya joto kupanda. Anayengoja kuona usaha amechelewa. Anayepima joto asubuhi na jioni anapata nafasi ya kumtenga punda kabla hajaanza kuambukiza wenziwe. Punda mzima aliyetulia huwa na joto la karibu nyuzi 37. Akitoka kubeba mawe mwache kivulini nusu saa kwanza, ndipo upime. Ukiona 38.5 au zaidi, mtenge, halafu ndiyo utafute sababu.

Na kumtenga si kumfunga mti wa pili. Ni ndoo yake, kamba yake, hori lake, brashi yake, na mtu anayemhudumia mwisho baada ya wazima wote, akiwa na aproni na viatu vya mpira visivyotoka hapo. Birika la maji la pamoja ndilo hatari kubwa, kwa sababu bakteria hawa wanaweza kuishi ndani ya maji kwa wiki kadhaa, ilhali juani, mahali pakavu, hufa ndani ya siku chache. Jua la Lamu ni msaada wa bure na linatumiwa kidogo mno. Kamba na hatamu zioshwe kwa sabuni, zilowekwe Jik dakika 10, zisuuzwe, zianikwe juani siku nzima pande zote. Kamba ya katani iliyojaa usaha ichomwe tu. Bei yake haifiki hata ya siku moja ya punda kukaa bila kazi.

Vitu vinavyosahauliwa ni vile vinavyoingia mwilini: mpira unaopitishwa puani kwa punda mwenye msokoto wa tumbo, chuma cha kufungulia kinywa wakati wa kusawazisha meno, kipimajoto. Mpira huoshwa nje ukasahauliwa ndani. Upitishe maji ya sabuni kwa bomba kubwa la sindano mpaka yatoke meupe, kisha dawa, kisha maji safi, utundikwe ncha chini ukauke.

Punda akipona asirudi kundini siku hiyohiyo. Wengi huendelea kutoa bakteria wiki mbili au tatu, na wachache hubaki nao miezi kwenye vifuko vya hewa vilivyo nyuma ya koo, wakiwa wanene na wazima machoni pa kila mtu. Penye maabara, vipimo vitatu vya puani vyenye wiki moja moja kati yake ndiyo njia. Pasipo maabara, asinywe birika la wenziwe wiki tatu baada ya jipu la mwisho kukauka, na mwenyewe aambiwe sababu yake waziwazi.

Kwa paka, tatizo ni virusi vya parvo. Hivi huweza kukaa mwaka mzima ndani ya chumba, na spiriti ya kupaka mikononi haiviui. Paka anayetapika na kuharisha apokewe mlangoni, ndani ya kikapu chake, asiwekwe sakafuni. Siku za kuhasi paka wa mitaani, mitego ioshwe na kutiwa Jik kati ya paka na paka, kisha isuuzwe maana Jik hula chuma. Kila paka awe na pakiti yake ya vifaa. Kuchovya mkasi kwenye dawa baada ya mmoja na kumwendea wa pili si kutakasa, na kuchemsha maji sufuriani hakuui mbegu za bakteria wa pepopunda. Sufuria ya presha inatosha: hewa itoke kwanza hadi mvuke utoke mfululizo, kisha nyuzi 121 kwa dakika 30. Pakiti zisibanane. Ikitoka imelowa, ihesabiwe chafu, kwa kuwa kitambaa chenye maji huvuta bakteria kutoka mkono wa kwanza unaoigusa.

Wafanyakazi nao wana haki ya kulindwa. Punda anayetokwa mate na kushindwa kumeza asitiwe mkono kinywani kutafuta kilichokwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kuingiwa na mate kidondani aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Mbuzi wakianza kutupa mimba baada ya mvua kubwa, glovu ndefu na miwani ya kukinga macho ni lazima: huenda ni homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata watu pia, na mlipuko wake wa 2006 na 2007 ulizikumba Garissa na Kilifi.

Nililolikusudia hasa ni siku za dawa ya minyoo na zile za kuwakusanya punda kabla ya mashindano ya mbio za punda ya Maulidi. Nia yake ni njema, ila bomba moja la dawa hupita kinywa hadi kinywa, na kamba moja hufunga pua baada ya pua. Napendekeza mtu mmoja mwenye kipimajoto asimame mahali pa kuingilia, akague pua na taya ya kila punda kabla hajafika kwa wenziwe. Mwenye homa apewe siku nyingine au afuatwe nyumbani. Kila punda aje na kamba yake na ndoo yake, na tangazo la msikitini liseme hivyo siku mbili kabla. Ncha ya bomba ifutwe kwa pamba yenye spiriti kila mara, au kipimo cha kila punda kitiwe kwenye bomba lake dogo. Foleni itarefuka kwa saa moja au mbili, na wahudumu wapangwe kwa hesabu hiyo tangu mwanzo.