Kadi Yangu Ina Uzazi, Jino Halimo

Shavu langu limevimba mpaka jicho linachungulia kwa shida, na binti wa dirisha la bima ananiuliza nina tatizo gani. Nikamwambia nimepita kuwasalimu tu.

"Baba, weka kidole." Nikaweka. "Hakisomi. Weka kingine." Tulimaliza mkono wa kulia, tukahamia wa kushoto, mashine imekataa katakata kwamba mimi ni mimi. "Kwani baba unafanya kazi gani?" Fundi ujenzi, mwanangu, alama zote zimebaki kwenye saruji za watu. Akanihurumia: "Vinavyosoma vizuri ni vya watu wa ofisini." Haya. Kumbe matabaka yameshuka mpaka kwenye ngozi. Ada ya bima tunakatwa wote, lakini mshika kalamu anasomeka, mshika koleo hajulikani.

Mwishowe kidole gumba kikakubali, nadhani kilichoka. Nikakohoa kidogo, nikanyoosha kola, nikasimama kiuanachama. Binti akatazama kioo.

"Kifurushi chako hakina jino."

"Kina nini?"

"Homa, kulazwa wodi ya pamoja, na uzazi."

"Uzazi wa nani?"

"Wako, baba. Wa kawaida na wa upasuaji."

Nikageuka nyuma, labda anaambiwa mtu mwingine. Foleni nzima imenyamaza, hata mzee aliyekuwa anakohoa ameahirisha. Nikasema, mwanangu, mimi sizai. Akasema mfumo hauangalii hayo. Nikaomba basi tubadilishane: chukueni uzazi wangu wote, wa kawaida, wa kisu, na mapacha juu yake, mnipe gego moja tu ling'olewe. Akasema hilo linahitaji idhini ya makao makuu, na mfumo uko chini. Uko chini! Dakika hii hii ulikuwa juu unanipa ujauzito!

Akaingia bwana mmoja hana kadi, ana pochi. "Karibu mheshimiwa, pita hapa hapa." Noti haziulizwi alama za vidole. Alikuwa ameshafika kwa daktari mimi bado narudisha kadi mfukoni.

Na pembeni kuna mama, hana kadi wala pochi, mtoto anachemka mgongoni, anaambiwa alipie faili kwanza. Hapo mzaha ukaniisha. Mwaka 1978 wakubwa wa dunia walikutana mji wa Alma-Ata wakasema afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ukaja, ukapita. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika wakakaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Sasa tunaambiwa 2030. Ujerumani iliwawekea wafanyakazi wake bima ya ugonjwa mwaka 1883, kabla hata babu yangu hajazaliwa, na huyu mama leo anadaiwa faili! Si hata dawa, faili! Karatasi ya kuandikia kwamba mtoto anaumwa, wakati kila mtu pale anamwona anaumwa. Wanaoahidi wakiumwa tu kiuno wanapanda ndege kutibiwa nje. Mlishamwona mkubwa amekaa kwenye benchi letu, anasubiri mfumo upande?

Mimi nikapewa fomu ya malalamiko. Wanataka jina la mwajiri, sahihi ya mwajiri na muhuri wa mwajiri. Mwajiri wangu ni yeyote mwenye ukuta uliopasuka, muhuri atautoa wapi? Kalamu ya kuandikia nayo imefungwa kwenye kaunta kwa kamba fupi, lazima uiname, na ukiinama jino linapiga ngoma. Nani alishawahi kuiba kalamu ya hospitali? Benki nako wanazifunga, pamoja na mapesa yote yale. Nikaiangalia vizuri ile kamba. Bandeji! Sisi tunaandikiwa tukanunue bandeji duka la dawa la nje, humu imelazwa kalamu.