Awk inasema 3.3 na 3.3 hazilingani

Kila mwisho wa mwezi mhasibu wa chama chetu cha wafugaji hunitumia faili la maziwa: jina, lita za asubuhi, lita za jioni, jumla. Kazi yangu ni mstari mmoja tu wa awk, programu ndogo ya kupekua mafaili ya maandishi; unatoa kila mtu ambaye asubuhi na jioni zikijumlishwa hazilingani na jumla:

awk '$2+$3 != $4' maziwa.txt

Anayetokea kwenye orodha, jumla yake ina kasoro. Juzi wakatokea watu kumi na saba. Nikampigia simu.

"Mama, kuna watu kumi na saba hesabu zao hazikai."

"Nani wa kwanza?"

Nikamsomea: asubuhi 1.1, jioni 2.2, jumla 3.3. Kimya. Kisha, kwa upole wote: "Mwanangu, umekula?"

Nikaiambia awk inichapie pande zote mbili. Ikaandika 3.3 na 3.3, macho makavu! Sekunde moja nyuma imetoka kunishahidia kwamba hazilingani. Kumbe ikichapa namba yenye desimali hukatia kwenye tarakimu sita, na haisemi. Nilipoilazimisha kwa printf "%.17g", yaani itoe tarakimu 17, ndipo ikatapika: 3.3000000000000003 huku, 3.2999999999999998 kule.

Najua, wajuzi mshaanza kuandika IEEE 754, kanuni ya namba za desimali kwenye kompyuta, tangu 1985, ndivyo ilivyo. Haya. Kompyuta inajua nusu, robo na thumni kama wauza nafaka wa zamani; sehemu ya kumi haina kibaba chake, inakadiria. Kwa hilo siilaumu, hata sisi theluthi hatujawahi kuimaliza kwa desimali. Ninachokataa ni mizani mbili: ya kupimia ndani, na ya kumwonyesha mteja. Ningeiona ile 3 ya mkiani tangu mwanzo, nisingemsumbua mama wa watu usiku. Lugha ya programu ya Python (nakiri kwa shingo upande) huiweka hadharani.

Na asiniambie mtu kwamba ni kitu kidogo. Dhahran, Saudi Arabia, Februari 1991: mtambo wa Patriot wa kutungua makombora, uliohesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde ulikuwa umewashwa saa 100 hivi, saa yake ikapotoka kwa theluthi ya sekunde, kombora la Scud la Iraq likapita. Askari 28 wa Marekani wakafa. Maziwa hayaui, lakini kwenye kikao chetu mtu huitwa mwizi kwa nusu lita.

Sasa nageuza kila kitu kuwa mililita kabla ya kulinganisha. Nageuza kwa sprintf "%.0f", inayokadiria hadi namba nzima iliyo karibu, maana int(), inayokata tu desimali, nayo ina yake: mpe 19.99 mara 100, atakurudishia 1998 badala ya 1999. Shilingi yako imeliwa mchana kweupe.

Orodha imebaki na jina moja. Jumatatu nitampigia tena mama, ila safari hii nitakula kwanza.